Acheni kuzima kila kitu! Kadi ya mtandao haina kosa

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na wanaonijua wanajua kwamba nikinyamaza hivyo ama nimezidiwa na kazi ama nimekasirika. Safari hii ni yote mawili. Leo nataka kugombana na mstari mmoja wa amri. Kila fundi wa mtandao kutoka Dandora hadi Pipeline ameukariri kuliko namba yake ya kitambulisho:

ethtool -K eth0 tso off gso off gro off lro off

Seva ikiwa polepole, andika huo. Wateja wakilalamika, andika huo. Mashine pepe zikigoma, andika huo, halafu uuweke kwenye skripti ya kuwasha mashine ili hata stima ikipotea na kurudi ujiandike wenyewe. Hakuna anayeuliza unafanya nini. Ni kama wale jirani zetu ambao dawa yao ni Panadol tu, uwe unaumwa na kichwa, uwe na malaria, uwe umevunjika mguu.

Mimi nasema huo ni uvivu. Na nina haki ya kusema, maana mwezi uliopita uvivu huo nusura umgharimu kijana mmoja sehemu ya mshahara wake na mzee mmoja shilingi 260,000. Tena mkosaji halisi nilikuwa mimi. Tutafika huko.

Kwanza, kwa wale ambao si mafundi lakini hunisoma kwa upole wao. Data kwenye mtandao husafiri kwa pakiti, na pakiti ya kawaida haizidi baiti 1,500. Faili ya megabaiti moja ni pakiti kama 700 hivi. Kila moja ina bahasha yake yenye anwani, ina namba yake ya ukaguzi, na kila moja inapita kwenye sheria zote ulizoweka za kuchuja na kubadilisha anwani. Zamani kazi hiyo yote ilifanywa na prosesa, pakiti moja moja. Ni kama mtu anayehamisha kabichi kutoka Marikiti akibeba kabichi moja kwa kila safari, na kila lango analopita askari anamsimamisha na kumuuliza maswali yaleyale.

Wenye akili wakasema, kwa nini tusitumie mkokoteni? Prosesa inaipa kadi bonge moja la hadi kilobaiti 64, kadi yenyewe inalikatakata na kubandika bahasha. Hiyo ndiyo TSO. Kadi isiyoweza kukata, kerneli ya Linux inalikata yenyewe dakika ya mwisho kabisa, na hiyo ni GSO, iliyoingia kwenye Linux 2.6.18 mwaka 2006. Upande wa kupokea ni kinyume chake: pakiti zinazofuatana za mazungumzo yaleyale zinaunganishwa kuwa bonge kabla hazijapanda juu. LRO ilikuwa ya kwanza, nayo ilikuwa inaunganisha ovyo na kupoteza habari za bahasha. Ikaja GRO katika Linux 2.6.29, mwaka 2009, ambayo huunganisha tu pale inapoweza kuzikata tena baadaye zikawa vilevile zilivyokuja. Kwa ufupi, kadi na kerneli wanaitua prosesa mzigo. Mkokoteni unasimamishwa langoni mara moja, si mara arobaini.

Sasa ule mstari hapo juu unasema: vunja mikokoteni yote, kila mtu abebe kabichi yake kichwani.

Haya, kisa chenyewe. Kuna mzee mmoja huku kwetu Umoja, mstaafu, ambaye ana kampuni ndogo ya kuuza intaneti mtaani. Ananunua laini kubwa kutoka kwa kampuni ya juu, anaigawa kwa nyaya na redio za paani kwa majumba ya Innercore, sehemu ya Kayole na upande wa kule sokoni Mutindwa. Mimi ndiye niliyemwandikia programu ya bili na skripti za ruta. Ruta yenyewe ni seva ya mtumba yenye Linux, imekaa kwenye chumba kimoja cha chini chenye feni mbili na paka. Kwa miaka mingi laini yake ilikuwa megabiti 100. Mwaka huu akajikaza akachukua megabiti 500, ambazo zinaletwa kwenye tundu la gigabiti moja. Kadi ya zamani haikuweza, kwa hiyo kijana wake wa mitambo alikwenda Luthuli Avenue akanunua kadi ya Intel iliyotumika, shilingi 4,500, akaifunga Jumamosi asubuhi. Taa zikawaka kijani. Kila mtu akafurahi.

Jumatatu simu zikaanza.

Malalamiko yalikuwa ya ajabu. Video za YouTube zilikuwa sawa. Kipimo cha kasi cha hapa Nairobi kilikuwa kinasoma megabiti 18, 19, kwa kifurushi cha 20. Lakini ukipakua kitu kutoka Ulaya au Marekani, unapata megabiti mbili na nusu, tatu ukibahatika. Aliyelia zaidi ni mama mmoja anayeishi ghorofa ya tatu ambaye hufanya kazi ya kusikiliza sauti na kuziandika, akilipwa na watu wa ng'ambo kwa kila dakika ya sauti. Faili zake zilikuwa zinachukua saa nzima kuingia, na akichelewa, kazi inapewa mwingine. Alipoteza kazi mbili wiki hiyo. Alimpigia mzee na kumwambia, kwa heshima lakini bila kupepesa, kwamba akifika mwisho wa mwezi hivyo anahamia kwa mshindani, na atahama na ghorofa nzima.

Jibu la kwanza la mzee lilikuwa lile la kila mtu: "Ni nyaya za baharini." Na simlaumu. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika pamoja na Afrika Mashariki nzima ikahisi, na tangu siku hiyo kila mtoa huduma ana kisingizio tayari mfukoni. Lakini nyaya haziwezi kukatika kwa wateja wa mtaa mmoja peke yao. Jirani wa ng'ambo ya barabara, mteja wa kampuni nyingine, alikuwa anapakua kutoka London bila tatizo.

Jibu la pili ndilo lililonileta hapa. Kijana wa mitambo aliingia kwenye intaneti, akatafuta, akaukuta ule mstari, akauandika. Na (hapa ndipo shetani huingilia) ulisaidia! Kasi ya kutoka Ulaya ilipanda ikawa megabiti nane, tisa. Kijana akanipigia: "Buda, hiyo kadi ni feki. Nimeizima maujanja yote sasa inatembea."

Ikatembea hadi saa mbili usiku. Watu walipotoka kazini na kuwasha televisheni zao, intaneti ya mtaa mzima ikazama. Si ya Ulaya tu, hata ya hapa hapa. Niliingia kwenye seva nikiwa kitandani na kukuta kiini kimoja cha prosesa kimefika asilimia 100, chote kikiliwa na kazi ya kupokea pakiti. Hesabu ni rahisi. Megabiti 500 za pakiti kubwa ni zaidi ya pakiti 40,000 kwa sekunde, na kila pakiti ilikuwa inapitia orodha yangu ya sheria, mteja mmoja sheria moja, mamia kadhaa, kutoka juu hadi chini. (Ndiyo, najua, orodha ndefu hivyo ni aibu. Nilikuwa kijana. Nimeibadilisha.) GRO ikiwa hai, bonge moja linapitia orodha hiyo mara moja. GRO ikizimwa, kila kabichi inasimama kila lango.

Kesho yake nikakuta maamuzi yamekwisha kupita. Mzee alikuwa amesema kadi ni feki na seva ni nzee. Shilingi 4,500 zitakatwa kwenye mshahara wa kijana kwa kununua takataka, na seva mpya itanunuliwa, 260,000, kwa mkopo wa chama. Nilimkuta kijana amekaa nje kwenye kreti ya soda, hasemi na mtu.

Nilimwomba mzee siku mbili. Akanitazama kwa muda. "Kijana wangu, mbili tu," akasema.

Nilianza na pale ambapo kila mtu angepaswa kuanza, kuiuliza kadi yenyewe. Kadi ya Intel ina vihesabio, ukiandika ethtool -S inakupa orodha ndefu: pakiti zilizoharibika njiani, zilizokosa nafasi, zilizotupwa kwa kukosa bafa. Kama waya ni mbovu (na waya nyingi zinazouzwa mjini ni alumini iliyopakwa shaba), utaona makosa ya CRC yakipanda. Kama kadi imezidiwa, utaona zilizokosekana. Hii ilikuwa na sifuri, sifuri, sifuri. Kadi ya mtumba ya shilingi 4,500 ilikuwa imepokea mabilioni ya baiti na haijapoteza hata moja. Hilo peke yake lingetosha kumwachia kijana mshahara wake. Hakuna aliyekuwa ameliangalia, na mimi mwenyewe nimo.

Kisha nikafungua tcpdump, na hapa nisimame kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Ukisikiliza pakiti zinazotoka kwenye mashine ambayo kadi yake inahesabu namba za ukaguzi, tcpdump itakuambia namba hizo si sahihi. Pakiti baada ya pakiti, "incorrect", "incorrect". Nimeona watu wazima wakipiga kelele wakisema kadi inaharibu data. Haiharibu chochote! tcpdump inaiona pakiti kabla haijafika kwenye kadi, na namba ya ukaguzi hujazwa na kadi yenyewe, mwisho kabisa. Unalalamika kwamba barua haina stempu ukiwa umesimama kabla ya posta. Ukitaka ukweli, nenda ukasikilize upande wa anayepokea. Vivyo hivyo utaona pakiti za baiti 14,000 au 30,000 kwenye mtandao ambao mwisho ni 1,500, ukadhani kuna kitu kimevunjika. Hapana, umeuona mkokoteni. Kwenye waya hakuna kitu kama hicho.

Ila mimi nilipoona yale mabonge kwenye kadi ya nje, nikakumbuka kitu na jasho likanitoka.

Miaka mingi iliyopita, nilipomwandikia mzee skripti ya ruta, nilitaka kuzuia laini isijae kabisa, ili simu za sauti zisikatike. Nikafanya kama kila mtu wa rika langu alivyofanya. Nilikopi Wonder Shaper, ile skripti ya Bert Hubert ya mwaka 2002 iliyozaliwa kwenye mwongozo wa LARTC ambao ulitufundisha wote. Ndani yake kuna sheria ya upande wa kupokea inayosema, kwa maneno yangu: ruhusu kasi fulani, kwa mfululizo usiozidi 10k, kinachozidi tupa. Kwenye tc sheria hiyo inaitwa police, na tabia zake ni zilezile mnazozijua. Hana foleni, hasubirishi mtu, ukizidi anakutoa njiani.

Mwaka 2002 hiyo 10k ilikuwa na maana kamili. Pakiti zilikuja moja moja. Sisi Kenya wakati huo nje tulikwenda kwa setilaiti, na ofisi iliyokuwa na kilobiti 256 ilikuwa inajivunia. Kwenye laini hiyo, 10k ni karibu theluthi moja ya sekunde ya data, nafasi ya kutosha. Kwenye megabiti 500, 10k ni chini ya moja ya tano ya milisekunde. Na mbaya zaidi, 10k ni pakiti kubwa sita tu. Bonge la GRO la pakiti saba haliwezi kupita kwa askari huyo, hata kama laini nzima ni tupu, hata kama ni saa tisa ya usiku na mtaa wote umelala. Linatupwa lote. Linaletwa tena, linatupwa tena, mpaka bahati iwe pakiti zimekuja zimeachana.

Mbona miaka yote haikuonekana? Kwa sababu tundu la zamani lilikuwa la megabiti 100. Pakiti zilifika zimepeana nafasi, GRO ilipata chache za kuunganisha, na askari aliyewekwa kwenye 95 hakuwa na kazi nyingi. Tulipoweka tundu la gigabiti, pakiti zikaanza kuja zimebanana kama abiria wa matatu ya jioni Jogoo Road. GRO ikafanya kazi yake kama ilivyotakiwa, na askari wangu wa mwaka 2002 akaanza kuua. Nilimuuliza tc hesabu yake, tc -s filter show dev eth0 parent ffff:, na nikaona namba ya zilizotupwa inapanda nikiwa natazama. Ilikuwa pale siku zote. Hakuna aliyewahi kuiangalia, hata mimi niliyeiandika.

Na kwa nini Ulaya iumie na Nairobi isiumie? Mathis na wenzake walichapisha mwaka 1997 hesabu moja inayosema kwamba kasi ya TCP inashuka kadiri safari inavyokuwa ndefu na upotevu unavyokuwa mkubwa. Tuseme inapotea pakiti moja tu katika kila 10,000. Kwa safari ya milisekunde mbili, kama ya seva iliyo hapa mjini na inayofikiwa kupitia KIXP, hesabu inakupa karibu megabiti 700. Kwa safari ya milisekunde 160, kama nilivyopima siku ile kwenda London na kurudi, upotevu huohuo unakupa megabiti 9. Mbinu za leo kama CUBIC hujikaza zaidi kidogo, lakini sura ya tatizo haibadiliki. Ndiyo maana kipimo cha kasi cha hapa mjini kilikuwa kinatudanganya kwa tabasamu. Mtu wa Frankfurt anaweza kuishi na sheria mbovu kama yangu miaka kumi asijue. Sisi tulio mbali ndio tunaolipa kila pakiti inayoanguka, na ndiyo maana ushauri ulioandikwa na mtu aliye milisekunde tano kutoka kwa kila kitu haufai kumezwa mzimamzima huku kwetu.

Nikajaribu swichi moja moja, kwa faili ileile kutoka seva ileile ya London, saa ileile ya mchana. TSO nikizima, nikiwasha, hakuna tofauti. GRO hai na 10k: megabiti 2.6. GRO imezimwa na 10k: megabiti 9, kwa sababu sasa katika msururu wa pakiti zilizobanana angalau sita za kwanza zinapita. Kijana hakuwa mwongo, kweli ilisaidia. Kisha GRO hai, na ile 10k nikaiinua: megabiti 19, dari ya kifurushi. Na prosesa saa mbili usiku? Haikufika hata nusu.

Baadaye nilimwondoa askari kabisa. Kikomo cha laini nzima sasa kiko kwenye kadi ya ndani, pakiti zikitoka kwenda kwa wateja, kwa foleni ya kweli yenye fq_codel (iko kwenye Linux tangu 3.5, mwaka 2012). Kwa anayeanza leo ningemshauri atazame CAKE, iliyoingia 4.19 mwaka 2018. Hiyo kwenye kasi zetu hizi huyakata mabonge yenyewe kabla ya kuyatoa, kwa hiyo unafaidi mkokoteni kwenye malango yote halafu unagawa kabichi moja moja mlangoni. Watu waliokwisha kuliona tatizo hili waliliandikia dawa, na sisi bado tunavunja mikokoteni.

Sasa najua watakaokuja na mapanga. "Mbona kuna kadi zinazogoma kweli?" Ziko. Sijasema kadi zote ni malaika. LRO kwenye mashine inayopitisha pakiti za wengine ni kosa, na ndiyo maana Linux huizima yenyewe ukiwasha upitishaji, huhitaji kuandika chochote. Kadi za Intel za I219 kwenye draiva ya e1000e zinajulikana kwa kuganda na kuandika "Detected Hardware Unit Hang", na kuzima TSO mara nyingi kunaziponya. Waliotumia Windows wanakumbuka TCP Chimney, iliyokuja imewashwa tayari kwenye Windows Server 2003 SP2 mwaka 2007 na kuwasumbua watu kila kona, mpaka Microsoft yenyewe ikaja kuiacha. Wanaosimamia mtandao wa kerneli ya Linux walikuwa wamekataa tangu mwanzo kuikabidhi kadi TCP nzima namna hiyo, na wakatukanwa kwa ukaidi wao. Kadi za gigabiti za Broadcom zilidhoofisha mashine pepe za Hyper-V kwenye Windows Server 2012 kwa sababu ya VMQ. Hayo yote ni kweli, na lawama nyingi ni za watengenezaji wanaowasha mambo kiwandani kabla hayajaiva.

Lakini tazameni: kila mfano hapo una jina la kadi, jina la draiva, na swichi moja. Mtu alikaa, akatafuta, akaipata. Mwaka 2013 Kristian Kielhofner, mtu wa simu za intaneti, alikuwa na kadi za Intel 82574L zinazokufa kabisa bila sababu, zikizinduka tu mashine ikizimwa na kuwashwa. Angeweza kuzima kila kitu na kwenda kulala. Aliifuatilia mpaka akafika kwenye baiti moja, mahali pamoja ndani ya pakiti, ambayo ikiwa na thamani fulani inaiua kadi. Intel wakaeleza kwamba kosa lilikuwa kwenye EEPROM ya kadi hizo, jinsi mtengenezaji mmoja wa ubao alivyoiandika. Hapo nitazima na nitavua kofia.

Tofauti yake na ule mstari wa nne-kwa-mpigo ni kwamba ukizima vitu vinne pamoja na mambo yakawa nafuu, hujui ni kipi kilichosaidia, wala kama kilichosaidia ndicho kilichokuwa kigonjwa. Kwetu sisi GRO ndiyo iliyosaidia ilipozimwa, na GRO ndiyo iliyokuwa haina hatia hata kidogo. Ilikuwa inamwonyesha askari mlevi alipo. Tukamfukuza shahidi.

Na mnaouza huo ushauri kwa pesa, maana wapo mjini hapa wanaochukua 5,000 kuja "kurekebisha seva", wanaandika mstari mmoja na kuondoka kabla ya saa mbili usiku: angalau andikeni mahali. Kwenye kila seva ninayogusa sasa kuna faili moja ya maandishi. Tarehe, swichi gani, kwa nini, kipimo kabla, kipimo baada. Nilipoingia seva ya mzee nilikuta swichi tatu zimezimwa miaka kadhaa iliyopita na hakuna anayejua nani wala kwa nini. Inawezekana ni mimi.

Mzee nilimweleza yote, pamoja na sehemu yangu. Alicheka kidogo kuliko nilivyotegemea. Mkopo wa chama haukuchukuliwa. Zile 4,500 kijana amerudishiwa, na bili yangu ya mwezi ule sikuipeleka. Mama wa ghorofa ya tatu bado yuko, ingawa moja ya zile kazi mbili haikurudi.

Skripti ile ya zamani niliwahi kuwafungia watu wengine wawili, mmoja Donholm na mmoja Komarock. Jumamosi naenda kwa wote wawili. Na kama kuna mwingine aliyeichukua kwangu wakati ule, tulikuwa tunapeana kwenye diski bila hesabu, afungue faili ya ruta, atafute neno police, aangalie namba iliyoandikwa baada ya burst. Ukikuta 10k, nipigie kabla hujagusa kadi.